Kilima cha Lirhanda kwa Miguu ya Miaka Mitatu

Sisi wa Mwanza wanyama tumewazoea. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ukishapita Lamadi, na ukiingia hapo tayari upo Serengeti. Watoto wangu wameingia, wameona tembo na twiga, na ninashukuru. Lakini wamewaona kupitia dirisha la gari. Hifadhi ya simba hairuhusu mtoto ashuke, na isingekuwa busara ashuke. Anakaa kwenye kiti saa nyingi, anaambiwa tazama kule, tazama kule, na kitu chenyewe kiko mbali kiasi kwamba yeye anaona nyasi tu. Mtoto mdogo hujua kitu kwa kukishika, kukinusa, kukizunguka na kukichuchumalia. Tangu mkubwa wetu aanze kutembea nilitamani mahali penye pori la kweli ambapo angeweka mguu chini na kwenda mwenyewe.

Mahali hapo tulipapata ng'ambo ya mpaka, magharibi mwa Kenya, kwenye Msitu wa Kakamega na Kilima chake cha Lirhanda.

Tulikwenda Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wifi yangu ameolewa Kisumu, kwa hiyo pa kulala palikuwapo, na watoto walikuwa wanamdai shangazi yao ziara ya muda mrefu. Safari ya kutoka Mwanza ilichukua siku nzima: Magu, Bunda, Tarime, kisha Sirari, ambako siku hizi unahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja ukaendelea upande wa Isebania. Kila mtoto na pasipoti yake, kila mtu na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Baada ya hapo ni Migori, Kisii, na jioni unashuka kwenye joto la Kisumu na ziwa ni lile lile uliloliacha nyumbani, ila sasa linazamisha jua upande usiouzoea.

Watu wa Kisumu ni wakarimu wa ushauri. Kila aliyesikia tunataka siku ya kutembea kwa miguu na watoto alikuwa na mahali pake. Mmoja alisema twende Nakuru tukapande Menengai. Menengai ni mahali pa ajabu, shimo la volkano lililotanuka kilomita nyingi, na ningependa kulisimamia ukingoni siku moja. Lakini ukingo wenyewe unaporomoka mamia ya mita, na mimi nina mtoto wa miaka mitatu ambaye bado anakimbia kwanza ndipo anatazama. Mwingine akasema Kit Mikayi, ile milima ya mawe yaliyopandana huko Seme. Pazuri, na hadithi zake ni nzito kwa wenyeji, ila watoto wa Mwanza mawe yaliyopandana wameyaona tangu wazaliwe. Nilitaka wakutane na kitu ambacho macho yao hayajawahi kukiona, nacho ni msitu uliofunga juu, ambamo saa nne asubuhi bado ni kivuli.

Kakamega ni kipande cha mwisho cha aina hiyo kwa upande huu. Misitu inayotanda Kongo na kwenda hadi Afrika Magharibi ilikuwa na mkono wake hapa, na mkono huo ulipokatika kati, Kakamega ikabaki peke yake mashariki. Ndiyo maana miti yake mingi, ndege wake, hata nyoka wake, jamaa zao wa karibu wako Kongo na Uganda, si Tsavo wala pwani. Sehemu ya kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na inasimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Sehemu ya kusini, Isecheno, iko chini ya Huduma ya Misitu. Tulichagua Isecheno kwa sababu ni karibu zaidi ukitokea Kisumu na njia zake nyingi ni tambarare. Kisha kuna jambo ambalo kwa mzazi ni kubwa kuliko yote: tembo na nyati hawapo tena, waliwindwa wakaisha karne iliyopita. Ni hasara, na inauma. Kwa upande mwingine, ndiyo inayomruhusu mtoto kutembea humo akiwa ameshikwa mkono tu.

Wifi alitutoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Alisema huko Kakamega mvua huja mchana, tena huja kwa nguvu, na anayetaka kutembea atembee asubuhi. Ni kweli: unyevu wa ziwa hupanda na joto la mchana, ukikutana na nyanda za juu unageuka radi na mvua, na ndio unaoulisha msitu mwaka mzima. Alitufungia chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na chai kwenye chupa. Gari lilikuwa la jirani yake, na dereva ni mzee wa Vihiga aliyeijua njia.

Kati ya Kisumu na Kakamega barabara inapanda mfululizo, na katikati ya kupanda huko unavuka ikweta. Mkubwa wetu, miaka minane, alikuwa amefundishwa darasani kwamba dunia imegawanyika mara mbili, akataka gari lisimame. Likasimama. Akaruka huku na huku kwenye nyasi za kando ya barabara mpaka akaridhika kwamba amekaa kusini na kaskazini. Ilichukua dakika chache na mzee wetu hakuonyesha haraka yoyote. Nasema hili kwa mzazi anayepanga siku ya namna hii: dakika hizo usizihesabu kama ucheleweshaji. Mtoto anayesimamishiwa gari anapotaka kuona kitu anafika kwenye msitu akiwa tayari anaona.

Ukifika Khayega unaacha barabara kuu ya Kisumu–Kakamega, unashika njia ya Shinyalu. Ilikuwa Jumamosi, na kabla ya Shinyalu tulikutana na kundi la wanaume wakikimbia na fahali mweusi, wakipuliza filimbi, matawi yakipepea. Waisukha na Waidakho, wenyeji wa huku, wanapenda mchezo wa mafahali kupigana, na yule alikuwa anapelekwa uwanjani. Watoto waliganda. Fahali alipita karibu na kioo, nikaona jasho shingoni mwake. Sikuwapeleka kuutazama mchezo wenyewe, hilo waamue wakikua, lakini kule kukutana nao barabarani kulikuwa halali yetu.

Isecheno tulifika kama saa mbili. Unalipa kiingilio ofisini, kisha unachukua mwongozaji, na hapa nina msimamo: mwenye watoto asiingie bila mwongozaji, hata kama njia zimeandikwa. Vijana wa pale wengi wamezaliwa kando ya msitu, na wapo waliojiunga katika mpango wa elimu ya mazingira unaojulikana kwa kifupi cha KEEP, wanaofundisha watoto wa shule za jirani kuhusu msitu wao. Tulimkuta mmoja anawaaga wanafunzi waliovaa sare, akatuchukua sisi. Watoto wangu wakamwamkia shikamoo, wote watatu, mdogo akiwa wa mwisho na kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Marahaba, marahaba! Mama, hawa watoto wako na adabu sana," akasema, akachutama mpaka akalingana nao kimo. "Sasa nisikilizeni. Humu ndani mnaona kitu, mnasimama, mnaniita. Hamkimbii. Na hamshiki kitu kabla hamjaniuliza. Sawa?"

Sawa, anko. Kuanzia hapo hawakunisikiliza mimi wala baba yao, walikuwa watu wake.

Nilimweleza kwamba tunataka kufika Kilima cha Lirhanda, na kwamba mdogo ana miaka mitatu. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Tutaenda. Lakini mtoto akichoka tunakaa. Msitu hauendi mahali."

Saa nzima ya kwanza sidhani kama tulimaliza hata kilomita moja, nayo ndiyo ninayoikumbuka kwa undani kuliko zote. Ukitoka kwenye uwazi wa ofisi ukaingia chini ya miti, baridi inakushika mikono mara moja. Harufu ni ya majani yanayooza na udongo mbichi. Mtu mzima hutazama juu, na juu ni pazuri kweli, matawi yamefungana kiasi kwamba mbingu unaiona vipandevipande. Watoto wao walitazama chini. Ndipo nikaelewa kwa nini msitu wa mvua unamfaa mtoto mdogo kuliko mlima wenye mandhari. Mandhari iko mbali na humtaka mtu akae kimya na kupenda umbali, na huo ni ukubwani. Msituni vitu viko kwenye kimo cha goti: jongoo mweusi mrefu kuliko kiganja, uyoga wa rangi ya chungwa kwenye gogo, konokono, kipepeo aliyetulia kwenye tope akinywa chumvi. Vipepeo wa Kakamega ni karibu aina 400. Wa kati wetu, miaka mitano, alianza kuwahesabu kwa rangi, akaishiwa na rangi.

Kisha tukakutana na siafu.

Mwongozaji alinyosha mkono kutuzuia, akatuambia sote tuchomeke suruali ndani ya soksi. Msafara ulikuwa unakatiza njia, upana wa vidole viwili, mweusi wenye wekundu, unaometa. Alituruhusu tusogee mpaka hatua mbili hivi, tuchuchumae, tusimame mara tu akisema. Nimeishi na siafu maisha yangu yote na sikuwahi kuwatazama hivyo. Pembeni, huku na huku, walisimama askari, wale wenye vichwa vikubwa, taya zimeinuliwa juu na kufunguka, wamejipanga bega kwa bega mpaka wakawa ukuta. Katikati ya kuta hizo wadogo wanakimbia, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, wamebeba vipande: mguu wa panzi, bawa, vitu vyeupe laini ambavyo mwongozaji alisema ni watoto wao wanahamishwa. Alichukua jani kavu akaliweka juu ya msafara. Askari walilipanda, wakalizunguka, msafara ukapita chini yake bila kupungua mwendo.

"Hawaoni," akasema. "Hawa siafu hawana macho."

Mkubwa hakukubali. "Sasa wanajuaje njia?"

"Kwa harufu. Wa mbele anaacha harufu, wa nyuma anaifuata."

Kimya kikapita, nikaona mtoto anafikiri kweli. Ndipo mwongozaji akatuonyesha ndege wadogo waliokuwa wanarukaruka kwenye vichaka vya chini, hatua chache kutoka pale. Akasema mtu akiona ndege wengi chini namna hiyo ajue siafu wako karibu. Ndege hao hawali siafu. Wanangojea panzi, mende na buibui wanaokimbia siafu, wanawadaka wakitoka. Kwa hiyo siafu anawinda, na ndege anakula kwa mgongo wa siafu. Wa kati akataka kujua kama siafu wanajua kwamba wanaibiwa. Swali hilo lilitufikisha mbali, na sitalieleza lote, ila nilifurahi kwamba hakuna mtu mzima aliyelikata.

Mbega walikuja baadaye kidogo, au sisi ndio tuliofika kwao. Kwanza ilisikika ngurumo, sauti nzito ya koo ambayo hungedhani ni ya nyani wala kima, kisha matawi yakatikisika. Walikuwa kundi, wameketi juu kwenye mti mmoja, weusi, na manyoya marefu meupe yakining'inia ubavuni na kwenye mkia. Mbega ni mla majani, tumbo lake lina vyumba kadhaa vya kuyachachusha, kwa hiyo anatumia muda mwingi ameketi tu, na hilo kwa watazamaji wa miaka mitatu ni baraka. Kima hakai, ukimwambia mtoto tazama amekwishahama. Mbega anakusubiri.

Na mmoja alikuwa na mtoto. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, uso wa waridi, na hugeuka rangi taratibu anapokua. Kale kalikuwa keupe pepepe kifuani kwa mama yake, kanaonekana hata kwa jicho lisilozoea. Tukiwa tunatazama, jike mwingine akasogea, akakachukua, akakakumbatia, mama akaendelea kula. Mdogo wangu, ambaye baba yake alikuwa amempandisha mabegani, akauliza kwa wasiwasi mkubwa kama yule ameibwa.

"Hapana," mwongozaji akamwambia. "Mama yake ni mmoja, lakini ana mashangazi wengi."

Wifi yangu alipoelezwa jioni alicheka mpaka akashika mlango. Kwa ukoo wetu maelezo hayo hayahitaji nyongeza.

Tulisikia pia hondohondo kabla ya kuwaona. Mabawa yao yakipiga hewa yanatoa mvumo unaosikika kupita juu ya miti, na wale wa Kakamega ni wakubwa, weusi kwa weupe, na pembe juu ya mdomo. Mwongozaji alieleza jinsi jike anavyojifungia ndani ya tundu la mti wakati wa kutaga, mlango unakandikwa kwa tope ukabaki ufa mwembamba tu, na dume analeta chakula na kumlisha kupitia ufa huo mpaka makinda yakue. Baba yao alitazamwa na watoto wote watatu kwa namna ya kumpima. Shorobo wakubwa wa buluu, ambao wapenda ndege husafiri kutoka mabara mengine kuja kuwaona, tuliwapata wawili wakikimbia juu ya tawi, na kusema kweli watoto waliwapenda kiasi tu. Mimi niliwapenda sana.

Kuna mti mmoja pale wa jamii ya mkuyu ambao ulianza maisha kama mbegu iliyoangushwa na ndege juu ya mti mwingine. Ukashusha mizizi, mizizi ikafika ardhini, ikanenepa, ikaungana, ikamkaba mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza. Kilichobaki ni mti ulio wazi ndani, na mtu anaweza kuingia chini akatazama juu kwa ndani mpaka mwanga. Watoto waliingia wakatoka, wakaingia wakatoka. Hapo tulikula chapati. Hapo pia kila mmoja alitaka kujisaidia, mmoja baada ya mwingine na si kwa pamoja, na nashauri mama mwenzangu abebe karatasi, mfuko wa taka wa kurudi nao, na suruali ya akiba kwa kila mtoto, kwa kuwa ofisini ulikotoka ni mbali na miguu ya miaka mitano haikimbii vizuri ikiwa imebanwa.

Wa kati alichoka baada ya kula. Alikaa njiani, akakunja mikono, akasema haendi. Mwongozaji naye akakaa. Akaokota jani, akalikunja, akapuliza, likatoa mlio. Akampa mtoto lingine. Tulikaa pale tukipuliza majani hadi mtoto mwenyewe akasimama. Kitenge nilikuwa nacho begani kwa ajili ya mdogo, na nilimfunga mgongoni kwa sehemu kubwa ya njia iliyobaki. Wazungu tuliopishana nao walikuwa na vile viti vya kubebea mtoto vyenye vyuma na mikanda. Ni vizuri, lakini kitenge kinapita kwenye njia nyembamba bila kunasa matawi, na mtoto akilala kichwa chake kinakaa mahali pake.

Tulipofika tena kwenye gari, tulisogea nalo hadi chini ya kilima. Ni kilomita kadhaa, na sikuona sababu ya kuzitembea ili tu iwe imesemwa kwamba zilitembewa. Nguvu za watoto ni mfuko mmoja, nikachagua zitumike kwenye kupanda. Njiani tulipishana na akina mama wenye mizigo ya kuni vichwani. Mkubwa aliuliza kama wanaruhusiwa kukata miti. Mwongozaji akaeleza kwamba wanalipia kibali, wanaokota zilizokauka, na mti mbichi hawaruhusiwi. Akaongeza kwamba mama yake mwenyewe alimpikia kwa kuni hizo hizo.

Lirhanda hauchoshi. Ni kilima cha wastani, njia yake inapita kwenye nyasi, mawe na mapera ya mwituni, na watoto wakaokota mapera njia nzima. Huyu mpera si mwenyeji, umeletwa kutoka Amerika, na umejaa kwenye sehemu za msitu zilizowahi kufyekwa kwa sababu kima wanakula na kueneza mbegu. Mdogo alishuka mgongoni, akasema anapanda mwenyewe. Akapanda mwenyewe, akishika majani, akishika mawe, mara nyingine kwa mikono na miguu yote. Nilimfuata nyuma nimenyosha mikono bila kumgusa. Alifika juu akiwa mwekundu wa udongo toka magotini hadi kidevuni.

Juu pale msitu wote uko chini yako. Upande wa mashariki kuna ukuta mrefu wa milima ya Nandi, na siku ikiwa safi unauona Mlima Elgon kaskazini magharibi. Siku hiyo haukuonekana, mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya. Mkubwa alisimama kimya kidogo, kisha akauliza, "Mama, msitu unaishia pale?"

Ulikuwa unaishia pale. Ndicho kitu ambacho ukiwa ndani hukioni. Ukiwa ndani unadhani hauna mwisho, na ukipanda Lirhanda unaona mstari: huku kijani kizito chenye mabonde, pale ukanda wa chai, na baada ya chai mahindi, mabati, mahindi, mabati hadi macho yanapochoka. Ukanda wa chai uliwekwa na serikali tangu 1986, kwenye misitu mbalimbali ya Kenya, ili uwe mpaka kati ya msitu na mashamba. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu milioni 1.9 katika Kaunti ya Kakamega. Wote hao wanapika, wanajenga, wanalima. Sikuweza kumwambia mwanangu kwamba kuna mtu mbaya amesimama pale kwenye mstari na panga. Nilimwambia ukweli, kwamba msitu ulikuwa mkubwa zaidi, ukakatwa kwa ajili ya mbao, dhahabu, mashamba na kuni, na kwamba uliobaki ndio huu anaouona wote kwa kugeuza shingo. Aligeuza shingo. Akauliza wale mbega wa asubuhi wako wapi katika hiyo yote, na mwongozaji akamwonyesha kwa kidole mahali tulipoanzia.

Hilo ndilo ninalotaka watoto wetu wa Afrika Mashariki walipate mapema, kwa miguu yao. Tunawafundisha darasani kuhusu kukata miti hovyo, tunawachorea bango, wanaimba. Mtoto aliyewaona siafu wakihama na mtoto mweupe wa mbega akipokezanwa, kisha akapanda kilima akaona mwisho wa nyumba yao, amepata kitu cha kupenda kabla ya kuambiwa akitunze. Na wengi wetu tunaoishi mwendo wa siku moja tu kutoka hapo hatuendi. Tunaona msitu ni wa wageni wenye kamera, na likizo yetu inaishia mjini kwenye bembea na chipsi. Sina ugomvi na bembea. Ila msitu huu ni wetu pia, wa Mwanza na Bukoba na Musoma, na uko karibu kuliko Dar es Salaam.

Kuhusu dhahabu: ndani ya kilima kile kuna shimo la machimbo ya zamani, la kuanzia ile miaka ya 1930 watu walipoingia Kakamega kwa pupa. Siku hizi ni makao ya popo, na wageni wengi huingia na tochi. Mwongozaji alituuliza. Nilikataa, na ningekataa tena. Pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, si mbali sana na hapo, limehusishwa na ugonjwa wa virusi wa Marburg mwaka 1980 na tena 1987, na watafiti wameonyesha kwamba popo wa mapangoni hubeba virusi hivyo. Sisemi shimo la Lirhanda lina ugonjwa. Nasema mtoto wa miaka mitatu anashika kila kitu na kuweka vidole mdomoni, na pango la popo si mahali pake. Tulisimama mbali na mdomo wa shimo, tukasikia hewa ya baridi ikitoka, tukapita.

Mvua ilitukuta tukishuka. Wifi hakukosea hata kwa nusu saa. Ilianza kwa upepo uliogeuza majani migongo, kisha matone makubwa, kisha yote kwa mara moja. Makoti ya mvua tulikuwa nayo na tuliyavaa, lakini njia iligeuka utelezi mwekundu ndani ya dakika chache. Mwongozaji alimbeba wa kati, baba yao akambeba mdogo, mkubwa akashika mkono wangu tukashuka kwa kukaa pale pasipowezekana kusimama. Alikuwa anapiga kelele za furaha. Garini yule mzee wa Vihiga alikuwa ametandika magazeti kwenye viti bila kuambiwa.

Pale Khayega tuliingia kwenye hoteli ndogo yenye jiko la nyuma, tukala kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi, na mrenda ambao mdogo aliukataa na mkubwa akaurudia. Nje kijana alikuwa anauza mizizi ya mkombero kwa vifungu. Unaitafuna, mwanzo chungu, halafu utamu unakuja nyuma ya ulimi pamoja na harufu inayokaa mdomoni muda mrefu. Imechimbwa mno msituni hata baadhi ya wakulima wameanza kuipanda mashambani kwao, na muuzaji aliniambia yake ni ya shambani. Nilinunua vifungu viwili.

Desemba ijayo tunarudi, upande wa Buyangu sasa, kuna maporomoko ya Mto Isiukhu ambayo mwongozaji alisema njia yake inawafaa. Bibi yao wa Magu ametangaza kwamba anakuja, ana miaka sitini na nane na hajawahi kumwona mbega. Nimeshamwambia mwendo ni wa yule anayechoka kwanza, akanijibu tusubiri tuone atakuwa nani.